Kona ya Vijana: Pasi Fupi Kwanza

Mwezi uliopita tuliongea habari za kujiandaa na mitihani. Mwezi huu nimekuta barua mbili kwenye kisanduku chetu pale mlangoni mwa kituo cha vijana, na zote mbili zinahusu kitu kimoja: lile gemu la mpira wa Marekani.

Barua ya kwanza ni ya mvulana wa darasa la sita. Anasema: "Mwalimu, kila nikirusha mpira, adui ndo anaudaka. Nifanye nini?"

Barua ya pili ni ya mama mmoja. Anasema: "Mwalimu, mtoto wangu kila Jumamosi anakimbilia kituoni kuangalia watu wanaangushana kwenye televisheni. Hiyo itamsaidia nini?"

Nitaanza na swali la kijana. La mama nitalijibu mwishoni, maana jibu lake linanihusu mimi mwenyewe na nyumba yetu.

Gemu lenyewe ni lipi?

Kwa wale ambao hawajafika kituoni, tunayo PlayStation 3 moja iliyoachwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na padi mbili na diski tatu. Diski mbili ni za soka, hizo mnazijua, vijana wanazigombania. Ya tatu inaitwa NCAA Football 14. Ilikaa kwenye boksi muda mrefu, hakuna aliyeitaka.

Ni mpira wa vyuo vikuu vya Marekani. Msifikiri ni mchezo wa shule tu kama wetu wa Jumatano. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unaingiza watu zaidi ya 100,000. Mpira wenyewe una umbo kama yai lililochongoka pande mbili. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani kama mita 91, na kila mwisho kuna eneo la yadi 10 la kufungia. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu, inaanza kuhesabu upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzake. Ukiufikisha kwenye eneo la mwisho umepata tachidauni, pointi 6, na mkwaju mmoja baada ya hapo unaongeza pointi 1.

Mpira unasogezwa kwa njia mbili: kukimbia nao au kurusha pasi. Anayeongoza yote anaitwa kwotabeki. Yeye anapokea mpira, anatazama, halafu anaamua. Kwenye gemu, huyo kwotabeki ni wewe.

Diski yetu ilitoka Julai 2013. Baada ya hapo gemu hilo halikutoka tena kwa miaka 11. Kuna sababu, na ni nzuri kwa vijana kuijua. Wanafunzi waliokuwa wakichezea vyuo walikuwa wanaonekana ndani ya magemu hayo, namba zao na maumbo yao, lakini hawalipwi kitu. Mwaka 2009, Ed O'Bannon, aliyewahi kuchezea timu ya kikapu ya chuo cha UCLA, alifungua kesi baada ya kujiona kwenye gemu la kikapu. Kesi hiyo ilitikisa mambo. Mwaka 2021 sheria za michezo ya vyuo zilibadilishwa, wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Gemu jipya, College Football 25, likatoka Julai 2024, na kila mchezaji aliyekubali kuwekwa ndani alipewa dola 600 pamoja na gemu lenyewe. Kwa hiyo mkiona kwenye diski yetu wachezaji hawana majina, wana namba tu, sasa mnajua kwa nini.

Mimi nilijifunzaje?

Nilijifunza kwa aibu. Mtoto wa darasa la sita (siyo huyu aliyeandika barua) alinifunga 42 kwa 0. Nilirusha pasi tano mikononi mwa walinzi wake. Watoto walicheka mpaka mlinzi wa kituo akaingia kuuliza kuna nini.

Aliyenifundisha ni mdogo wangu. Kwa hesabu za makaratasi ni mtoto wa baba mdogo, lakini alikulia kwetu na mama yangu anamwita mwanangu. Yeye na baba mdogo walisafiri Septemba 2024, wakapelekwa Boise, jimbo la Idaho. Chuo kikuu cha mji ule kinaitwa Boise State, na uwanja wake wa mpira ni wa rangi ya bluu tangu mwaka 1986. Hata kwenye diski yetu ya zamani, ukichagua Boise State utauona, bluu kabisa kama shati la sare.

Mdogo wangu anachezea gemu jipya nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake. Mwanzo hakurusha pasi hata moja. Mwaka huo wa 2024 Boise State walikuwa na mkimbiaji anaitwa Ashton Jeanty, aliyekimbia yadi 2,601 katika msimu mmoja, zimebaki 27 tu afikie rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988. Basi mdogo wangu alikuwa anampa Jeanty mpira kila mara. Wenzake wakamzoea, wakajaza walinzi mbele, akakwama. Ndipo akalazimika kujifunza pasi. Na yale aliyojifunza ndo haya ninayowapa nyinyi. Gemu lake lina kipimo cha nguvu na usahihi wakati wa kurusha, letu halina, lakini akili ya mchezo ni ile ile.

1. Chagua mipango michache

Kitabu cha mipango ndani ya gemu ni kirefu sana. Usiingie humo kama mtu aliyepotea sokoni. Chukua mipango minne au mitano ya pasi, ijue kwa kichwa. Kabla ya kuanza, jiulize: huyu wa alama ya X anakwenda wapi? Wa duara je? Wa mraba? Wa pembetatu? Kama hujui mtu wako anakimbilia wapi, utamrushia mahali alipotoka.

Hapa hata asiye na zamu ya padi anaweza kujifunza. Chukua vizibo vya soda, vipange mchangani, chora njia za wadakaji kwa kijiti. Kuna msichana mmoja wa kituo chetu ambaye hupata zamu mara chache, lakini kwa vizibo vyake amejua mipango kuliko wavulana wote. Siku akishika padi, wanakaa kimya.

2. Hesabu walinzi wa nyuma kabisa

Kabla mpira haujatolewa, tazama mbali. Je, kuna mlinzi mmoja katikati nyuma, au wako wawili?

Wakiwa wawili, wamegawana uwanja wa nyuma, mmoja kushoto na mwingine kulia. Mara nyingi katikati yao panakuwa wazi. Mtume mdakaji apite hapo. Akiwa mmoja, katikati pamefungwa, kwa hiyo tafuta pembeni, au ile njia iliyo kati ya yule wa katikati na yule wa pembeni.

Lakini angalia tena mpira ukishatolewa. Walinzi wajanja hujipanga hivi halafu wakakimbilia kwingine. Mdogo wangu alinigombeza kwa simu: "Yaya, we unatupa tu! Angalia kwanza, njo utupe!"

3. Jua kama wanalinda mtu au wanalinda eneo

Kuna namna rahisi ya kujua. Kabla ya kuanza, mhamishe mdakaji mmoja kutoka upande huu kwenda ule. Mlinzi akimfuata kama kivuli, mara nyingi wanalinda mtu kwa mtu. Asipofuatwa, mara nyingi wanalinda maeneo.

Wakilinda mtu kwa mtu, tumia wadakaji wanaokatiza uwanja kwa upana, maana mlinzi atabaki nyuma yake akimkimbiza. Wakilinda maeneo, tumia mdakaji anayekimbia kidogo halafu anasimama na kukugeukia kwenye nafasi tupu kati ya walinzi wawili.

4. Kidole chako ndo mkono wa kwotabeki

Wengi wetu tunabonyeza kitufe kwa hasira, kila pasi namna moja. Hapo ndipo mpira unapodakwa na adui. Ukigusa kitufe mara moja na kuachia, mpira unakwenda juu, taratibu. Huo ni wa kumpita mlinzi aliye mbele ya mdakaji wako. Ukikishikilia, mpira unakwenda chini na kwa kasi. Huo ni wa karibu, pale nafasi ni ndogo. Mpira wa juu kwenye kundi la walinzi ni zawadi kwao.

Halafu kuna kijiti cha kushoto. Wakati unarusha, kisukume upande unaotaka mpira uelekee. Kama mlinzi yuko kulia kwa mdakaji, sukuma kushoto. Mpira utaanguka mahali ambapo ni mtu wako tu anaweza kuufikia. Na kumbuka mtu anakimbia. Mrushie mbele yake anakokwenda.

5. Usirudi nyuma

Hili ndilo kosa langu kubwa. Nikiona watu wanakuja nakimbia nyuma yadi 10, yadi 15, nikikamatwa nimepoteza uwanja wote. Rudi hatua chache tu, simama, na kama wanakuja kutoka pembeni, songa mbele kidogo katikati ya wanaokulinda. Mpira unaorushwa huku unakimbia hupotea. Ukirusha kinyume na unakokimbia, ni mbaya zaidi.

Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Ukifika tatu uwe umeamua.

6. Pasi fupi kwanza

Kila kijana anataka ile pasi ndefu ya kushangilia. Fanyeni hesabu: unahitaji yadi 10, una majaribio 4. Ukipata yadi 4 mara tatu, una yadi 12 na bado umebakiwa na jaribio moja. Hakuna aliyeshangilia, lakini mpira ni wako na unaendelea. Mtazame wa kwanza, mtazame wa pili, na kama wamefungwa, mpe yule mkimbiaji aliye karibu yako. Ukishafanya hivyo mara kadhaa, walinzi watasogea mbele kumzuia, na huko nyuma patafunguka. Hapo ndipo pasi ndefu inapopata maana.

Na usimrushie mtu mmoja kila mara. Ukicheza na mwenzako aliyekaa kwenye benchi moja na wewe, anakusoma. Atamchukua mlinzi mmoja na kumsubiri huyo huyo kipenzi chako.

7. Kubali kupoteza mpira mmoja

Kama hakuna aliye wazi, bonyeza kijiti cha kulia, mpira utatupwa nje. Umepoteza jaribio moja, siyo mpira. Mvulana uliyeandika barua, nadhani hili ndilo lako. Nimekuona. Unashika mpira mpaka dakika ya mwisho halafu unatupa popote kwa sababu hutaki kuonekana umeshindwa. Tupa nje. Jaribio lingine linakuja.

Mwisho, kabla hujashindana, omba dakika chache za kufanya mazoezi bila mashindano. Najua umeme wa sola hautoshi na foleni ni ndefu. Lakini dakika tano za mazoezi ni bora kuliko mechi nzima ya kurusha ovyo.

Sasa nakujibu wewe, mama

Mama yangu, ulinuuliza itamsaidia nini. Sitakudanganya kwamba gemu hili litampa mtoto kazi au kumpandisha darasa. Homework kwanza, maji kwanza, gemu baadaye. Nikimwona kituoni na hajamaliza kazi za nyumbani, namrudisha.

Lakini naomba nikusimulie jambo la kwetu.

Mdogo wangu alipofika Boise, alikuwa anapiga simu kila Jumamosi. Kwetu saa kumi na mbili jioni, kwao asubuhi. Miezi ya kwanza ilikuwa furaha. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Nyinyi wote mnajua siku ile ilivyokuwa hapa. Faili yetu ilikuwa kwenye mstari huo, tulishafanyiwa mahojiano.

Tangu hapo, simu ikawa ya swali moja. Mama anachukua simu: "Mwanangu, huko mmesikia nini? Wanasemaje habari za faili?" Mimi nachukua simu: "Umeuliza kwa wale wanaowasaidia?" Mtoto ana miaka 14! Atajua nini? Anajibu, "Sijui, mama." Tunamuuliza shule, anasema nzuri. Tunamuuliza amekula, anasema ndiyo. Kimya. Muda wa maongezi unaisha. Wiki moja hakupiga. Wiki mbili. Baba mdogo akatuambia mtoto anajifungia chumbani siku ya Jumamosi, anasema ana usingizi. Shuleni pia haongei sana, Kiingereza kilikuwa kinamshinda.

Tulifikiri ametusahau. Mama alilia. Alisema Marekani imemla mtoto.

Siku moja nikamtumia ujumbe wa sauti, sikuuliza faili, sikuuliza shule. Nilisema tu: "Mdogo wangu, leo mtoto wa darasa la sita kanifunga 42 kwa 0 kwenye mpira wa huko kwenu. Nimedakwa mara tano. Niokoe." Alijibu usiku ule ule, ujumbe wa dakika nne, anacheka, anachanganya Kiswahili na Kiingereza, ananieleza habari za walinzi wawili wa nyuma. Jumamosi iliyofuata alipiga mwenyewe. Ndipo akaniambia kwamba huyo mwenzake mwenye gemu ndiye rafiki yake wa kwanza darasani, na kwamba walianza kuongea kwa sababu ya pasi aliyoikosa.

Nilijifunza kwamba sisi tulikuwa tunamrushia mtoto pasi ndefu kila Jumamosi. Swali zito, la mbali, ambalo hawezi kulidaka. Na kila likianguka, yeye anajiona ndiye mkosaji. Siku hizi namuuliza vitu vidogo vya karibu: umecheza na nani, alikufunga ngapi, theluji imeanguka? Katikati ya hayo, yeye mwenyewe anafungua mengine. Mwezi uliopita aliniambia bila kuulizwa kwamba anaogopa kusahau sauti ya bibi. Hilo nisingelipata kwa swali la moja kwa moja.

Faili yetu bado iko pale pale. Sijui nyumba zenu, lakini nadhani wengi hapa wana mtoto, kaka au dada huko mbali ambaye simu yake imekuwa fupi. Msimuulize faili kila mara. Hata huko hawana majibu.

Kwa hiyo mama, mwanao akirudi Jumamosi, muulize amepata pasi ngapi na ngapi zimedakwa na adui. Muache akuchoree kwa vizibo. Usipoelewa, mwambie arudie. Mimi sijaona mtoto anayekataa kumfundisha mama yake kitu.

Jumamosi iliyopita mama yangu alichukua simu. Nilijua swali lake, nikainamisha kichwa. Kumbe aliuliza: "Mwanangu, hizo nyasi za bluu, ng'ombe anaweza kula?" Mtoto akacheka sana, akamwambia siyo nyasi za kweli, mama, ni za kutengenezwa kiwandani. Mama akasema basi uwanja huo ni wa uongo. Wakabishana mpaka muda wa maongezi ukakatika.

Basi wapendwa, kisanduku bado kiko mlangoni. Zamu za gemu ni Jumamosi mchana, sola ikiruhusu, wasichana na wavulana. Mwezi ujao tutaongea habari za kusoma usiku bila kuharibu macho. Mzazi mwenye ushauri aniandikie, hata kwa mkono wa mtoto.

Tuonane toleo lijalo, tukijaliwa.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.